Kitabu cha Katikati

Landhi za Reli, Nakuru
9 Juni 1957

Kwa Senge Eucabeth,

Sisi hapa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli tu wazima. Mama anakusalimu sana. Miguu yake bado inavimba jioni lakini kanisani anafika. Ndugu yangu Wasike wamemtoa stoo ya parseli wakampeleka dirisha la tikiti. Sasa anavaa kofia ya reli, na nyumbani hatuzungumzi kitu kingine ila kofia. Mimi bado nafundisha darasa la pili, watoto hamsini na mmoja. Tangu mume wako mzee Owuor alipofariki mwaka jana hatujakuona. Ulipotoka kumzika Uyoma kurudi Kamere treni yako ilipita hapa na hukushuka. Mama alisema pengine ulikuwa umelala.

Senge, nina jambo. Unakumbuka kaka yako, baba yangu, alivyokuwa akihudhuria minada ya Wazungu wanaohama, wengine wakigombania viti na masufuria, yeye akichakura masanduku ya vitabu. Alitaka hadithi za safari na hatari, na alitaka chapa ya kwanza tu. Alinifundisha kufungua ukurasa wa mbele, kutazama mwaka, kisha kugeuza nyuma yake nione kama pameandikwa kwamba kimepigwa chapa tena. Kama pameandikwa, alikirudisha sandukuni hata kikiwa kipya. Akafikisha ishirini na sita. Halafu akafa, na siku ya tatu baada ya mazishi mzee msemaji akasimama, tukaanza kugawa vitu vya marehemu kama desturi. Makoti, fimbo, baiskeli. Walipofika kwenye vitabu wakagawa kila mtu kimoja, kama kuku. Mimi mtoto wa kike ningesema nini pale? Nilipewa kimoja nikakifunga kwenye leso.

Miaka hii miwili nimekuwa nikivikusanya. Nimepata kumi na tisa. Kimoja baba mdogo alikuwa amekibadilisha na mtetea wa watu, nikakikomboa kwa jogoo.

Sasa sikiliza. Kile kisa cha ndugu wawili na milima ya theluji, chenye majalada ya kijani, kiko katika vitabu vitatu. Baba alikuwa na cha kwanza na cha tatu. Cha katikati alikitafuta miaka kumi na moja hakukipata. Cha kwanza ninacho mimi. Cha tatu walikupa wewe. Na cha katikati, Senge, nimekiona kwa macho yangu! Kiko Rongai, kwa mama mmoja wa Kizungu, mjane, watu humwita Mama Paka. Rafiki yangu Chelangat ni mpishi wake. Mama Paka anahama, meli yake ni mwisho wa Oktoba. Amesema vitabu hivi ni ndugu: mtu atakayemletea cha kwanza na cha tatu avione, atampa cha pili bure. Asipokuja mtu, anaondoka nacho.

Basi naomba unitumie cha tatu kwa parseli. Nitakurudishia ukitaka. Nataka tu baba amalize alichokianza.

Wako mtoto,
Milcah Masinde


Kamere, Naivasha
2 Julai 1957

Kwa Milcah,

Barua yako ilifika, kwanza ikafika kwa watu wa serikali wakaifungua wakaisoma wakaifunga tena na gundi nyingi. Natumaini wamefaidika na habari ya miguu ya mama yako. Mwambie aloweke kwa maji ya chumvi.

Hapa ni mvua. Ziwa limepanda mpaka kwenye kabichi za shamba, na kiboko amekula zile zilizobaki. Mimi nafua nguo za wenye shamba siku nne kwa wiki, lakini hazikauki, nazianika, nazianua, nazianika. Kifua kiko sawa. Shemeji zangu wa Uyoma wameandika wakiuliza nitarudi lini boma la mume wangu. Nimewajibu kwamba nitarudi nguo zikikauka.

Mpe Wasike hongera ya kofia. Akumbuke babu yake alivaa kofia ya mkoloni katika vita vya kwanza na ikampa chawa tu.

Habari ya kitabu nimesikia.

Mimi senge yako,
Eucabeth


Landhi za Reli, Nakuru
14 Julai 1957

Kwa Senge mpenzi,

Mama ametumia maji ya chumvi, anasema asante. Wasike amesoma habari ya chawa na hajacheka. Shule imefunga Ijumaa. Watoto watatu wameshika namba moja, sijui nilihesabu vipi.

Senge, umesema umesikia. Mimi sikuuliza kama umesikia. Nimeuliza kama unakituma. Nilikwenda Rongai Jumamosi na kile cha kwanza, Mama Paka akakikagua kwa kioo cha kukuzia, akatazama mwaka, akageuza. Akasema ni sawa, ndugu yake cha pili yuko kabatini. Akanionyesha cha pili lakini hakuniruhusu kukifungua. Nilitamani kukinyakua nikimbie. Akauliza, “Cha tatu?” Nikasema kiko njiani.

Usinifanye mwongo. Kama kimelowa, sema. Kama panya wamekila pembeni, sema, vitabu vya baba vingi vina meno ya panya. Nakumbuka alivyotukataza kukifungua kile cha tatu. Alikuwa akisema hakuna mtu anayelamba mkono kabla ya kula ugali, tutangoja cha katikati. Akakiweka juu ya kabati kimefungwa kitambaa, na yeye mwenyewe akafa bila kujua mwisho. Hiyo ndiyo inayoniuma. Nataka nisome mwisho kwa niaba yake.

Tuma, Senge.

Milcah


Kamere, Naivasha
25 Agosti 1957

Kwa Milcah binti Masinde,

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, halafu nikawa na kazi, halafu nikakasirika tena. “Usinifanye mwongo.” Ni mimi nilikutuma useme kiko njiani? Kwanza mtetea wa baba mdogo, sasa mimi. Miaka miwili hukuandika hata kuuliza kama nina chumvi, leo kitabu kimekukumbusha kwamba una senge.

Maji ya ziwa yameshuka kidogo. Kiboko bado yupo.

Nataka kukuuliza jambo, na unijibu bila kelele. Katika hicho kitabu chako cha kwanza, kuna mtu mwenye vidole vitatu? Mkono wa kulia, vidole viwili vya mwisho havipo. Si nahodha wala si mpishi wa meli. Tazama vizuri. Kama yupo, andika walisema vidole vilikwenda wapi.

Eucabeth


Landhi za Reli, Nakuru
1 Septemba 1957

Kwa Senge,

Salamu. Mama hajambo.

Nimesoma kitabu cha kwanza upya, kurasa zote, siku nne, huku madaftari ya watoto yakingoja. Hakuna mtu mwenye vidole vitatu. Kuna yule mkubwa, mpima ardhi, aliyepotea milimani. Kuna mdogo wake anayekwenda kumtafuta. Meli inapasuka kwenye miamba na watu sita wanatoka majini bila viatu. Hapo kinaisha.

Kwa hiyo ulikifungua cha tatu. Baba alikataza nawe ukafungua! Hiyo sawa, imepita. Lakini basi unacho, na umekisoma, na bado hukitumi. Sielewi. Chelangat amekuja sokoni akaniambia masanduku ya Mama Paka yameanza kupigiliwa misumari. Treni yake ni tarehe ishirini na sita Oktoba.

Nitauliza mara moja na nisamehe. Umekiuza? Kuna Wazungu hapo ziwani wanaopenda vitu hivyo. Kama umekiuza niambie kwa nani, nitakwenda kwake kwa miguu.

Milcah


Kamere, Naivasha
15 Septemba 1957

Kwa mwanangu Milcah,

Tu wazima hapa. Leo sitaandika habari za kabichi.

Sikukiuza. Mficha uchi hazai, basi ngoja nikwambie, na ukimaliza kusoma unitukane ukiwa umeketi.

Walipogawa vitu vya kaka yangu nilitaka lile koti lake la mvua. Wakampa binamu yako, mimi nikapewa kitabu. Nilikiweka chini ya godoro nikakisahau. Mwaka jana tumbo la Owuor lilipoanza, daktari wa Naivasha akasema hakuna dawa, tumrudishe kwao. Nikafunga vitu, kitabu kikaingia humo. Unamjua Owuor, maisha yake yote ni mashua. Alivua Uyoma tangu akiwa mdogo, kisha akaja kutunza mashua za Wazungu hapa. Mtu kama huyo ukimlaza kitandani anageuka ukutani. Siku moja akaniambia, wewe si ulisoma misheni, nisomee chochote. Hapakuwa na chochote ila Biblia, ambayo shemeji alikuwa ameshaimaliza juu yake, na hicho kitabu cha kijani.

Kaka yangu aliwakataza ninyi watoto. Mimi ni dada yake mkubwa, nilimfunga nepi, hawezi kunikataza kitu. Nikafungua.

Nilisoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha namwambia kwa Kijaluo, ukurasa kwa ukurasa. Kiingereza changu cha misheni, maneno mengine niliyaruka kama dimbwi. Tulitumia miezi mitatu. Mara ya kwanza tulikimaliza kwa wiki tano, akasema rudia. Kile kitabu kinaanza katikati ya mambo, watu wako tayari kwenye theluji, na kuna huyo mtu wa vidole vitatu wanayemtaja kana kwamba sisi tunamjua. Owuor akampenda kuliko wote. Siku ya kwanza tu akasema, “Vidole vile vilichukuliwa na kamba.” Nikamwambia pengine ni panga, au ukoma. Akasema hapana, mtu akipoteza vile viwili vya mwisho vya mkono mmoja, ni kamba iliyokuwa na mzigo mzito na yeye akakataa kuiachia. Kwao Uyoma amewaona wawili wa namna hiyo. Mimi nikasema basi mbona kitabu hakisemi? Tukabishana, Milcah. Tulibishana kila siku. Alikuwa hawezi kumeza uji lakini kubishana aliweza. Alikufa asubuhi moja tukiwa bado tunabishana, nilikuwa nimekwenda kuchota maji na jibu langu nilikuwa nalo mdomoni.

Walipomlaza ndani ya sanduku nilikiweka kitabu chini ya kichwa chake, ndani ya shuka. Ndugu zake hawakuona. Niliona akienda huko bila kitabu atabishana na nani? Sikumfikiria kaka yangu, wala wewe. Sikujua kwamba vitabu vile vina ndugu. Kiko huko. Nilipopita Nakuru kwa treni nilikuwa macho kabisa. Nilijifunika leso, kwa kuwa nilijua siku moja utaniuliza.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mwisho ninao kichwani, niliusema mara mbili nzima kwa mgonjwa, na mgonjwa hasahau kukusahihisha. Nimeuandika wote katika hizi karatasi nane nilizoambatisha. Umsomee baba yako ukienda makaburini, au uzichome, upendavyo. Mwisho wenyewe ni huu: mtu wa vidole vitatu anawapa wenzake koti lake na chakula chake, anaketi kwenye theluji, anasema tangulieni nitawafuata. Yeye hafiki kamwe. Wanamkuta mpima ardhi yu hai kijijini kwa wachunga kondoo. Wanapomwambia ni nani aliyewaleta, anafunika uso kwa mikono. Wanarudi kwao, na mama yao anaweka sahani tatu mezani, si mbili. Kitabu kinaishia kwenye hiyo sahani ya tatu. Owuor aliuliza kwa nini tatu, kwani huyo ni mama wa yule mtu wa vidole vitatu? Nikageuza ukurasa, hapakuwa na mwingine.

Nisamehe, mwanangu. Nimeona haya sana.

Senge yako,
Eucabeth


Landhi za Reli, Nakuru
13 Oktoba 1957

Kwa Senge Eucabeth,

Mama hajambo, Wasike hajambo na kofia yake haijambo.

Umengoja wiki nne. Nilikuandikia barua mbili nikazichana. Ya kwanza ilikuwa mbaya, sitakwambia nilisema nini. Nililia kwa hasira mbele ya watoto hamsini na mmoja nikawaambia ni vumbi la chaki. Miaka kumi na moja ya baba, Senge, chini ya ardhi ya Uyoma! Nilimwambia mama. Nilidhani atasikitika nami, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, “Yule Owuor hata kaburini amemshinda Masinde.” Nikamkasirikia naye pia.

Halafu nikasoma zile karatasi nane. Nikazisoma tena.

Jumamosi iliyopita nikachukua kitabu cha kwanza na karatasi zako nikaenda Rongai. Nyumba ya Mama Paka imebaki masanduku tu na paka sita juu yake. Akakitazama tena kile changu kwa kioo, kisha akanyoosha mkono. “Cha tatu?” Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakapotea. Nikamwambia kiko kaburini, chini ya kichwa cha mume wa shangazi yangu, na kwamba nimeleta mwisho tu. Akaweka kioo chini. Nilidhani atanifukuza. Akasema, “Keti. Soma.”

Kiswahili chake ni cha jikoni, basi nilisoma maneno yako na kuyageuza Kiingereza. Chelangat alisimama mlangoni na trei mpaka chai ikapoa. Nilipofika pale mtu wa vidole vitatu anapoketi kwenye theluji, Mama Paka akasema rudia hapo. Nikarudia. Akatoa kitambaa akapenga. Akasema marehemu mumewe alinunua kile kitabu cha katikati pekee kwenye mnada, na yeye mwenyewe Mama Paka amekuwa akikisoma kila msimu wa mvua bila kuwahi kuona vile viwili vingine. Akasema, “Miaka thelathini nimedhani mtu yule alipona.” Paka mmoja akapanda mapajani mwangu na sikumsukuma, ingawa unajua siwapendi.

Kisha akafungua kabati akakitoa. Nikamwambia, Memsahibu, masharti yako yalikuwa uvione vyote vitatu. Akasema, “Viwili nimeviona na cha tatu nimekisikia. Chukua kabla sijabadilisha moyo.” Nikatazama mwaka, nikageuza ukurasa. Chapa ya kwanza. Aliniona nikigeuza akacheka.

Nimekisoma siku tatu. Sasa najua kila kitu, Senge. Najua vidole vilikwenda wapi, na ile sahani ya tatu ni ya nini. Lakini sikuambii. Ni ukurasa wa mia moja na arobaini, nimetia karatasi.

Kitabu hiki cha katikati nakituma kwako kwa parseli, Wasike mwenyewe amekifunga na kukipiga mihuri minne. Nilitaka kukiweka kabatini kando ya cha kwanza, nikakiweka, nikaona hakikai vizuri. Wewe na mzee Owuor mlikuwa na neno ambalo halijaisha. Mpelekee Uyoma, umsomee. Kabatini nimeacha nafasi ya unene wa kitabu kimoja, mwishoni, na yeyote akiniuliza nitamweleza.

Ila Senge, nakuomba kwa magoti. Hiki usikizike.

Mwanao,
Milcah


Uyoma
24 Novemba 1957

Kwa mwanangu Milcah,

Nguo zilikauka, nikaja. Shemeji zangu wamefurahi, wanadhani nimewarudia wao. Mvua za vuli hapa ni chache, mtama umesimama vizuri, na mbuzi wa jirani ameshaugundua.

Nilikwenda kaburini siku tatu mfululizo na kigoda na kitabu. Nilimsomea kwa sauti, kwa Kijaluo, kuanzia ukurasa wa kwanza, sikuruka. Siku ya pili mke wa shemeji alikuja na wanawake wa kanisa kuniombea, wakidhani akili yangu imeharibika. Nikawaambia waketi au waende. Waliketi. Kesho yake walikuja mapema kuliko mimi.

Ukurasa wa mia moja na arobaini niliufikia siku ya tatu. Nilipokwisha kuusoma kimoyomoyo nilikifunga kitabu mapajani. Wale wanawake wakapiga kelele, sema basi, sema! Mpima ardhi anateleza ukingoni, mtu yule amejifunga naye kwa kamba, na anaishikilia usiku kucha, vidole viwili vikikatika, mpaka watu wanakuja. Na mpima ardhi alimwandikia mama yake toka kule kijijini, akamwambia, sasa una watoto watatu.

Kitabu kinarudi kwako kwa parseli hii, kimefungwa vizuri, kina harufu ya samaki kidogo, nisamehe. Kiweke kando ya ndugu yake.

Mwaka mzima nilikuwa na jibu langu mdomoni, la panga na ukoma. Nililimeza. Niliinama nikaweka mkono juu ya udongo nikamwambia, Owuor, umenishinda. Ilikuwa kamba.

Senge yako,
Eucabeth